Mizani mbele ya watu: kisa cha kliniki ya saratani ya Luton

Mwaka 2005 kliniki ya saratani ya kichwa na shingo katika Hospitali ya Luton and Dunstable, kwenye mji wa Luton ulio nje ya London upande wa kaskazini, ilikubali jambo ambalo hospitali nyingi huliogopa. Iliwaruhusu wagonjwa wake wasimulie mbele ya kamera yote waliyopitia tangu walipoambiwa wana saratani, kisha ikawakalisha madaktari na wauguzi wa kliniki hiyohiyo waitazame filamu. Katika yaliyotoka humo kuna kitu kimoja kidogo kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila ninaposikia hospitali ikijisifu kwa kisanduku chake cha maoni. Ni mizani. Wagonjwa walikuwa wakipimwa uzito mahali ambapo wengine waliokuwa wakisubiri zamu waliwaona, na hilo liliwaumiza.

Kwenye kumbukumbu za kliniki usingeona kasoro yoyote. Mgonjwa kapimwa, uzito umeandikwa, faili limekamilika. Hata dodoso la kawaida lisingelinasa, maana ni nadra dodoso kuuliza mizani imewekwa wapi. Na mgonjwa mwenyewe, akiulizwa siku hiyo kama ana malalamiko, pengine angesema hana. Mtu aliyekuja kujua kama uvimbe umerudi atalalamikia mizani saa ngapi?

Ugonjwa unaokaa usoni

Ili kuelewa kwa nini mizani iliuma hivyo, inabidi kuujua ugonjwa wenyewe. Saratani za kichwa na shingo ni kundi zima: za mdomo, ulimi, koromeo, zoloto, pua na matundu yake, tezi za mate. Zinashika palepale ambapo mtu anakulia, anasemea, anapumulia na kutambulika kwa sura. Matibabu nayo yanapita hapohapo. Upasuaji unaweza kuondoa sehemu ya ulimi au ya taya. Anayeondolewa zoloto lote hupumua kupitia tundu la shingoni, na inambidi ajifunze upya namna ya kutoa sauti. Mionzi mara nyingi hutolewa kwa wiki sita hadi saba, siku tano kwa wiki, mgonjwa akilala chali huku kichwa kimeshikizwa mezani kwa maski ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake ili asisogee hata kidogo. Wiki zinavyokwenda kinywa hukauka, utando wa ndani huchubuka, mate yanakuwa mazito, ladha inapotea, na kumeza maji matupu kunageuka kazi. Wako wengi wanaowekewa mpira wa kulishia unaopenya ngozi ya tumbo hadi ndani.

Kwa hiyo uzito unapimwa, na lazima upimwe. Mtaalamu wa lishe anautegemea kuamua kama mgonjwa aanze kulishwa kwa mpira au bado. Wapangaji wa mionzi nao wanaufuatilia, kwani mgonjwa akikonda sana ile maski hulegea, na huenda ikabidi itengenezwe nyingine na mpango wa mionzi upigiwe hesabu upya.

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Kitendo chenyewe kilikuwa sahihi kitaalamu, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeshauri kiachwe. Kasoro ilikuwa mahali kilipofanyikia. Fikiria mtu ambaye sura imebadilika na sauti imebadilika, anaitwa apande mbele ya watu ili namba itangaze kiasi gani cha mwili wake kimekwenda tangu kliniki iliyopita. Wanaomtazama ni wagonjwa wenzake, na naamini baadhi yao ndio kwanza walikuwa wanaanza. Wanachokiona pale juu ni habari yao wenyewe ya miezi michache ijayo.

Siku 31, siku 62

Uingereza ya wakati ule haikuwa imelala kuhusu saratani. Ripoti ya Calman na Hine ya mwaka 1995 ilitaka mgonjwa ahudumiwe na timu ya wataalamu wa fani mbalimbali, asibaki mikononi mwa daktari mmoja. Mpango wa Saratani wa mwaka 2000 ukaja na saa mkononi: kufikia mwisho wa 2005, mgonjwa asipitishe siku 31 tangu utambuzi wa ugonjwa hadi kuanza matibabu, wala siku 62 tangu daktari wa familia aandike rufaa ya haraka. Mwishoni mwa 2004 NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba kwa hospitali za umma, ikatoa mwongozo mahususi wa huduma za saratani za kichwa na shingo. Haya yalikuwa mambo mema, na yameokoa watu na kungoja kusikokwisha. Lakini yalifundisha hospitali kutazama upande mmoja. Kikaoni ungeulizwa mgonjwa fulani yuko siku ya ngapi. Safu ya kuandika anajisikiaje akiwa siku hiyo ya ngapi haikuwapo.

Timu ya fani nyingi nayo, pamoja na faida zake zote, ina sura nyingine ukiitazama kutoka kwenye kiti cha mgonjwa. Daktari wa upasuaji, daktari wa mionzi, muuguzi maalumu wa saratani, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa usemi na umezaji, daktari wa meno: wote wanamhitaji mtu mmoja, na njia ya haraka ni kukutana naye pamoja. Kliniki za namna hii zinajulikana kwa chumba kilichojaa watu wenye vitambulisho shingoni, mgonjwa akiingia bila kujua nani ni nani. Wenyewe wanaona wameokoa muda wake. Yeye anajiona kama aliyeitwa mbele ya baraza la wazee kujibu shtaka asilolijua.

Kuna jambo la tatu, nalo kwangu ndilo kubwa. Wagonjwa wa Luton waliohitaji mionzi walikuwa wakipelekwa kituo kingine, Mount Vernon, na wengi baadaye wakarudi Luton kwa ufuatiliaji. Kila timu iliifahamu vizuri sehemu yake ya njia. Mpasuaji alijua chumba cha upasuaji na wodi, watu wa mionzi walijua meza yao na maski zao, daktari wa familia alijua barua zilizomfikia. Aliyeitembea njia yote, mlango kwa mlango, ni mgonjwa peke yake. Hospitali inapomuuliza tu kama ameridhika, inamtumia shahidi wake bora kwa swali dogo kuliko anachokijua.

Kamera, ramani na kikao kimoja kigumu

Kazi ya Luton iliongozwa na watafiti wawili wa chuo kikuu cha UCL cha London, Paul Bate na Glenn Robert, wakishirikiana na NHS Institute for Innovation and Improvement, chombo kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 2005 kusaidia hospitali za umma kuboresha huduma. Waliongeza na wabunifu wa kitaalamu, watu ambao kazi yao ya kila siku haikuwa hospitali. Wazo lenyewe waliliazima nje ya tiba. Mbunifu wa kiti, jengo au simu hujiuliza mambo matatu: kinafanya kazi, ni salama na imara, na anayekitumia anajisikiaje? Hospitali zilikuwa zimetia pesa na akili kwenye mawili ya kwanza. La tatu liliachiwa tabasamu la muuguzi wa zamu.

Walianza kwa kukaa na kutazama kliniki inavyokwenda. Wakawahoji watumishi. Kisha wakawahoji wagonjwa kwa kirefu, bila orodha ya ndiyo na hapana: tuanzie mwanzo, tuambie. Mazungumzo yalirekodiwa kwa video, na video zikakatwa hadi kuwa filamu moja iliyofuata zile nyakati zilizobeba hisia kali zaidi katika safari ya matibabu. Katika utaratibu huu wagonjwa hukutanishwa kwanza wenyewe, wakaiona filamu kabla haijaonwa na mtu mwingine, na wakachora ramani ya hisia: hatua za matibabu zinapangwa kwenye karatasi ndefu, na juu ya kila hatua wanabandika maneno ya walivyojisikia. Hofu, aibu, afueni, hasira, kuchanganyikiwa. Ramani ya namna hiyo inaweza kumshangaza hata anayeijua kliniki kwa miaka. Pale ambapo daktari anatarajia nundu kubwa ya hofu, mathalani asubuhi ya upasuaji, mgonjwa huenda akaandika utulivu. Na pale ambapo daktari hakutarajia kitu, mathalani dakika kumi za kusubiri kwenye korido, maneno yanarundikana.

Watumishi nao wana kikao chao wenyewe, wanazungumza yale waliyosema kwenye mahojiano yao. Wanaoiga utaratibu huu mara nyingi huiruka hatua hii, na nadhani wanakosea sana. Muuguzi anayefanya kazi kwenye kliniki yenye msongamano anaujua ubovu wake kuliko mkaguzi yeyote. Ukimleta moja kwa moja mbele ya filamu ya wagonjwa wanaolia, bila yeye kwanza kusema yanayomkera, umemwandalia kesi. Atajitetea, kama yeyote angejitetea. Akishasema kwamba hata yeye anaona haya kumpima mtu mbele ya watu, kwenye kikao cha pamoja anaingia kama mshirika.

Halafu kinakuja hicho kikao cha pamoja, filamu inaonyeshwa, wagonjwa na watumishi wamechanganyika kwenye viti. Takwimu inaweza kubishiwa. Sampuli ni ndogo, swali limeulizwa vibaya, mwezi ule tulikuwa pungufu. Lakini mgonjwa unayemjua kwa jina, uliyemfunga kidonda kwa mikono yako mwenyewe, akisema kwenye skrini kwamba alijisikia kudhalilika mlangoni pako, naye amekaa viti viwili kutoka kwako, huna pa kubishia. Wala huna haja, kwa sababu hajaja kukushtaki. Amekuja mkae pamoja muone la kufanya. Baada ya hapo washiriki wanachagua yaliyo muhimu zaidi na kugawana katika vikundi vidogo vya mchanganyiko, kila kikundi na jambo lake la kubadilisha.

Mizani ikahamishiwa mahali pa faragha. Mpangilio wa kliniki ya nje ukabadilishwa, na taarifa wanazopewa wagonjwa zikaandaliwa upya kwa mikono ya wagonjwa wenyewe pamoja na wataalamu. Yalikuwapo mengine, makubwa na madogo. Mwaka 2006 Bate na Robert walieleza njia hii katika jarida la kitaaluma, na tangu hapo imesafiri kwenye hospitali za nchi nyingi.

Maoni yanapotelea wapi

Swali linalonisumbua ni jepesi mno: kwa nini mizani ilingoja watafiti wawili wa chuo kikuu, wabunifu na kamera? Kuihamisha mizani kunahitaji watu wawili na soketi ya umeme, na hiyo soketi ni kama mizani yenyewe ni ya umeme.

Chukua njia ya kawaida ya maoni. Mgonjwa anaandika kwenye karatasi kwamba hakupenda kupimwa mbele ya watu. Karatasi inaingia kisandukuni. Baada ya wiki kadhaa mtu wa ofisi ya ubora anakifungua, anaisoma pamoja na nyingine hamsini, na kwa kuwa lazima azipange, anaiweka kundi la faragha na utu. Kundi hilo linageuka mstari kwenye ripoti ya robo mwaka. Ripoti inakwenda kwenye menejimenti, menejimenti inasikitika, na sikitiko linateremka kama waraka unaowakumbusha watumishi wote kuzingatia faragha na utu wa mgonjwa. Waraka unabandikwa kwenye ubao wa matangazo ya kliniki, huenda ukutani palepale juu ya mizani. Hakuna aliyelala kazini katika mlolongo huo. Kila mmoja amefanya sehemu yake vizuri. Ila kila ngazi imeondoa kitu fulani ili ripoti ifupike, na kilichoondolewa ndicho pekee ambacho mtu angeweza kukishika kwa mkono.

Kwenye kikundi kidogo cha Luton mlolongo huo haukuwapo. Aliyeumizwa na mizani na anayeiendesha kliniki yenye mizani walikaa meza moja. Nikisoma kisa hiki, kamera naiona kuwa chambo tu cha kuwakutanisha. Kilichofanya kazi ni kwamba neno lilimfikia mwenye uwezo wa kuhamisha kitu likiwa bado na umbo lake la tukio, kabla halijafanywa asilimia.

Asilimia nazo zina kazi yake

Nisije nikaonekana nabeza madodoso. Mwaka 2010 England ilianzisha uchunguzi wa kitaifa wa uzoefu wa wagonjwa wa saratani, ukigusa hospitali zote za umma zinazotibu watu wazima wenye ugonjwa huo. Katika awamu hiyo ya kwanza walijibu watu 67,713 kutoka taasisi 158 za hospitali, yaani asilimia 67 ya waliotumiwa. Huo ni umati ambao hakuna filamu inayoweza kuubeba, na umeonyesha mambo ambayo mgonjwa mmoja mmoja asingeweza kuyaona hata akisimulia siku nzima.

Mfano ninaoupenda ni kazi ya Georgios Lyratzopoulos na wenzake iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet Oncology. Walichukua majibu ya watu 41,299 wa uchunguzi ule kuhusu swali moja: ulimwona daktari wa familia mara ngapi kabla ya kupewa rufaa? Asilimia 77 walikwenda mara moja au mbili tu. Ukiishia hapo, unafunga kitabu ukiwa umeridhika. Lakini walipowagawa kwa aina ya saratani, waliokwenda mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 7.4 kwa saratani ya matiti na asilimia 50.6 kwa mieloma, saratani ya seli za uboho ambayo mara nyingi huanza kwa maumivu ya mgongo na uchovu usioeleweka. Mgonjwa wa mieloma anayesimulia kwamba alizungushwa anaweza kudhani alipata daktari mzembe. Ni zile namba zinazoonyesha kwamba tatizo ni la ugonjwa unaojificha, na kwamba dawa yake ni vipimo na miongozo mizuri zaidi kwa daktari wa kwanza, hata kama daktari ni makini.

Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba waliopewa jina la muuguzi maalumu wa saratani wa kuwasiliana naye walitoa majibu mazuri zaidi karibu kwenye kila swali, kuanzia kueleweshwa matibabu hadi kujiona wanaheshimiwa. Mwaka 2010 wenye muuguzi wa namna hiyo walikuwa asilimia 84. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 89. Kwa meneja anayetafuta pa kupunguza matumizi, namba kama hizo ni kinga ya kweli ya nafasi za wauguzi hao.

Udhaifu wa dodoso unaonekana ukifika kwenye swali la jumla. Mwaka 2023 wagonjwa wa England waliipa huduma yao ya saratani wastani wa alama 8.9 kati ya 10. Ni alama nzuri, na sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini utaifanyia nini? Mtu aliyetolewa uvimbe na bado yuko hai hamnyimi daktari wake alama tisa kwa sababu ya mizani. Shukrani inafunika mengi, na inafunika kwa haki. Ndani ya 8.9 mna mizani, mna korido, mna barua iliyokuja na majibu ya kutisha Ijumaa jioni wakati simu ya kliniki haipokewi tena hadi Jumatatu.

Vicki Tsianakas na wenzake wa London walilichukua suala hili moja kwa moja kwenye huduma ya saratani ya matiti, wakalinganisha dodoso na simulizi za wagonjwa, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo. Jibu lao halikuwa la kuchagua kimoja. Dodoso lilipima mengi kwa usawa. Simulizi zikaleta yale ya uhusiano na hisia ambayo dodoso lilikuwa halina mahali pa kuyaandika. Nakubaliana nao, ila kwa mpangilio: dodoso likuonyeshe ni mlango upi, simulizi ikuambie kuna nini nyuma ya mlango.

Bei ya kusikiliza

Lawama kubwa dhidi ya njia ya Luton ni muda. Mzunguko mzima, kuanzia kutazama kliniki hadi vikundi kumaliza kazi, hula karibu mwaka. Kurekodi na kukata filamu peke yake ni kazi ya miezi, na hospitali yenye upungufu wa wauguzi haina miezi.

Louise Locock, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, na wenzake walijaribu njia ya mkato katika hospitali mbili, moja ya Reading na nyingine ya London, kwa huduma za saratani ya mapafu na za wagonjwa mahututi. Badala ya kurekodi wagonjwa wa hapo, walitumia hazina ya mahojiano ya wagonjwa wa nchi nzima iliyokuwa imekusanywa Oxford kwa ajili ya utafiti, wakatengeneza filamu kutoka humo. Muda ukashuka kutoka mwaka hadi nusu mwaka. Kwa yale niliyoyasema kuhusu mgonjwa unayemjua kwa jina, ungetegemea filamu ya wageni ipoteze makali. Haikutokea hivyo. Wagonjwa wa pale walijiona ndani ya simulizi za wengine, na watumishi hawakujihami sana kwa kuwa aliyekuwa akizungumzwa kwenye skrini hakuwa wao. Mazungumzo ya kwao wenyewe yalianza baada ya taa kuwashwa. Nadhani hilo linaipa nguvu hoja ya meza moja: filamu inafungua mdomo tu, na wa kufunguliwa mdomo lazima wawe chumbani.

Upande wa pili wa bahari, New York, kuna ushahidi wa aina nyingine kabisa. Ethan Basch na wenzake waliwachukua wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waliokuwa kwenye matibabu katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Kundi moja liliendelea kwa utaratibu wa kawaida. Kundi jingine liliripoti dalili 12 za kawaida kupitia kompyuta, kama kichefuchefu, maumivu na kukosa pumzi, na dalili ikizidi ujumbe ulimfikia muuguzi papo hapo. Matokeo ya mwaka 2017: nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31.2, ilhali kwa kundi la kawaida ilikuwa miezi 26.0. Dawa mpya ikileta tofauti ya miezi mitano kwa wagonjwa wa aina hiyo, mashirika ya habari hukesha.

Ni maoni ya namna tofauti, najua. Kusema tumbo linauma si sawa na kusema nilidhalilika. Lakini tazama ujumbe ule ulikwenda wapi. Haukwenda kwenye ripoti ya robo mwaka. Ulikwenda kwa muuguzi mwenye simu mkononi, na katika zaidi ya robo tatu ya mara hizo muuguzi alifanya kitu: alipiga simu, alibadilisha dawa, alimwita mgonjwa. Hospitali nyingi zimenunua vishikwambi vya kukusanyia maoni na kuvisimika mlangoni, tabasamu la kijani na uso mwekundu wa hasira. Kabla ya kuvinunua ningeuliza jina la mtu mmoja tu: uso mwekundu ukibonyezwa saa nne asubuhi, nani anainuka kwenye kiti?

Wasiokuwamo kwenye filamu

Njia ya Luton ina mapengo yake, na mojawapo ni chungu kwa ugonjwa huu hasa. Filamu inapenda wasemaji. Mgonjwa aliyeondolewa zoloto, au ambaye ulimi haumtii tena, anaweza kukataa kamera, na kukataa kwake kunaeleweka. Uso uliokatwa na kushonwa haupendi taa. Kuna watakaotaka kuandika, watakaotaka kurekodiwa sauti tu ya mke au mume wao, watakaotaka kuhojiwa wakiwa nyumbani kwa mapumziko ya mara kwa mara. Yote yanawezekana, ila yanaongeza muda, na muda ndio wa kwanza kukatwa bajeti inapobana. Anayekata filamu naye ana mamlaka makubwa kuliko anavyokiri: saa nyingi za mahojiano zinabaki nusu saa, na yeye ndiye anayeamua nusu saa ipi. Kuwaonyesha wagonjwa kwanza kunapunguza hatari hiyo, hakuiondoi.

Wageni wa lugha wanapotea kwenye dodoso na kwenye filamu pia. Kiwango cha kujibu uchunguzi wa England nacho kimeshuka, kutoka ile asilimia 67 ya mwaka 2010 hadi asilimia 52 mwaka 2023, na walioacha kujibu hawakuaga wakisema sababu.

Halafu wako waliokufa. Dodoso la England hutumwa miezi kadhaa baada ya matibabu, na kabla ya kutumwa majina ya waliofariki huondolewa, jambo la busara na la huruma kwa familia. Matokeo yake ni kwamba saratani zinazoua haraka, kama ya kongosho na ya mapafu, zinasemewa na wale wachache walioishi hadi barua ikafika. Mgonjwa aliyepimwa mbele ya watu kwa miezi mitatu kisha akafa hana alama kwenye ile 8.9. Kwa miaka mitano, 2011 hadi 2015, England iliwauliza wafiwa kupitia uchunguzi wa kitaifa kuhusu miezi mitatu ya mwisho ya ndugu zao, kisha uchunguzi huo ukasimama. Tangu 2018 kuna ukaguzi wa kitaifa wa huduma za mwisho wa maisha hospitalini, na ndani yake wafiwa wana dodoso lao. Aliyehudhuria kliniki miezi yote hiyo na kwenda kufia nyumbani kwake hayumo humo.